Kikoromeo cha Nzige

Hapana. Hiyo maneno irudishe mdomoni, Wafula. Mama Akinyi hakulisha mtoto wako sumu, na usiniambie ati marehemu hasemwi vibaya halafu pumzi hiyo hiyo unamsema. Hivyo ndivyo nilimwambia, nikiwa nimesimama, mbele ya kamati nzima ya matanga, kwenye kile kihall cha kanisa hapa Kawangware chenye viti vya plastiki na feni ambayo sijawahi kuona ikizunguka. Mwenyekiti akaniambia, "Mwikali, keti." Sikuketi. Watu walikuwa wamekuja kupanga vile mwili wa Mama Akinyi utafika kwao Siaya, na Wafula, fundi wa milango, mtu ambaye hata hakuwa ameulizwa, akakohoa akasema yeye atasaidia kwa sababu ya ubinadamu tu, lakini wote tunajua huyo mama alikuwa nani, si ni yule wa wadudu wa sumu. Alisema polepole, kama mtu anaelekeza mgeni ploti. Na hakuna hata mmoja alishtuka. Wakaangalia viatu vyao. Hapo ndipo damu ilinipanda, kwa sababu nilielewa kitu: miaka yote hii imepita, na kwa vichwa vya watu wa Kisumu Ndogo, kule Kibera, yule mama bado amesimama pale pale walipomwacha.

Basi nitasema mimi. Sina cheti cha kuniruhusu kusema, ile shule niliyosoma niliacha katikati na nyingine nimejisomea mwenyewe, lakini nilikuwa pale. Sijazeeka pia, usinifikirie bibi fulani wa kukumbuka mambo ya mkoloni. Nazungumzia juzi tu, ule mwaka wa nzige, ule ambao baadaye ulikuwa wa barakoa. Nilikuwa nafua nguo za watu. Asubuhi natoka Kawangware, navuka barabara naingia upande ule wa miti na mageti, nafua, naanika, nangoja zikauke nipige pasi. Nyumba moja ilikuwa ya kijana anaitwa Kiprono, alikuwa akisomea wadudu chuo kikuu. Siku ya kwanza nusura nifagie masomo yake. Niliingia sebuleni nikapata masanduku ya vioo, ndani panzi, mende, vipepeo, kila mmoja amechomwa na pini mgongoni, na chini yake kijikaratasi. Nikamwuliza kama ni uchawi ama ni ugonjwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akanipa ile lenzi yake ndogo ya kushika karibu na jicho, akaniambia niangalie mguu wa panzi. Nakwambia, tangu siku hiyo sikuwa mtu mzuri wa kufua. Alinipa kitabu chake cha zamani kimetoka jalada, cha Kiingereza kigumu, nikawa nasoma chini ya kamba ya nguo na simu mkononi nikitafuta neno moja moja. Nikajua panzi mwenye papasi, zile nyuzi za kichwani, ndefu kama nywele na panzi mwenye papasi fupi si ndugu, hata kama mtaani wote tunawaita panzi. Niliporudi ploti jioni nilikuwa nawachosha majirani na hizo habari. Walianza kuniita Daktari wa Mende.

Mama Akinyi nilimpata kwa sababu ya mvua. Nilikuwa nimeenda Kisumu Ndogo kupeleka mzigo, mvua ikanishika, nikajibanza kwa kibanda chake. Alikuwa anauza omena mbele, na pembeni, kwa ungo mbili zilizofunikwa na kitambaa safi, kumbikumbi na senesene, wale panzi wa kijani na wa kahawia wanaoletwa kutoka Busia kwa basi. Mimi Mkamba, kwetu sikulelewa kwa hiyo meza, lakini mdomo wangu hauwezi kunyamaza. Nikafunua kitambaa nikamwambia, huyu si panzi wa kawaida, papasi zake zilikuwa ndefu. Akaniangalia juu mpaka chini. Papasi zenyewe zilikuwa zimeshang'olewa, na miguu, na mabawa. "Umejuaje?" akaniuliza. Nikamwambia kichwa chake kimechongoka kama penseli. Alisogeza stuli kwa mguu, akaniambia, "Keti, nyar Kamba," yaani binti wa Kamba. "Mvua bado."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya kibanda, mlango mmoja tu kati yao, na huo mlango alikuwa ametengeneza Wafula. Mlango mzuri wa mbao, bawaba tatu, kufuli ndani. Kumbuka huo mlango. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la makaa, kochi lililofunikwa vitambaa vyeupe vya kushona kwa mkono, na mabati ya ukuta yaliyokuwa membamba hivi kwamba ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Hapo ndipo nilikula kumbikumbi mara ya kwanza. Hakuweka mafuta. Alimwaga kwa sufuria kavu, wakaanza kulia taratibu na kutoa mafuta yao wenyewe, akanyunyiza chumvi, ugali ukawekwa katikati, na harufu ilikuwa kama njugu zinakaangwa na nyama kwa mbali. Nilikula mpaka nikaona aibu. Upande wa pili wa mabati mwanamke akasema kwa sauti ya kutaka tusikie, leo hata Mkamba amelishwa wadudu, kesho atanunuliwa leso. Mama Akinyi akajibu bila kuinua kichwa kwamba leso ashanunuliwa, iliyobaki ni ng'ombe wa mahari. Wakacheka pande zote mbili. Hao ndio majirani baadaye walisema hawakuwa wanamjua vizuri.

Nilimpeleka Kiprono huko mwenyewe. Alikuwa anataka kujua watu wanaotoka ziwani wakifika Nairobi wanawaita wadudu wao majina gani, na kama jina moja la mtaani linabeba mdudu mmoja ama wengi. Mama Akinyi alikuwa anajua kumbikumbi kwa aina zao, ng'wen wakubwa na agoro wadogo, nani anatoka mvua ikikatika na nani anatoka jua likiwaka, na vile kwao walikuwa wanapiga vijiti juu ya kichuguu ili waliomo ndani wadhani ni mvua. Kiprono alikuwa na majina yake marefu ya kitabu. Nilidhani watagombana. Hawakugombana hata. Walikaa kwa lile kochi kama watu wawili wanalinganisha picha za jamaa mmoja. Yeye akisema hivi, mama anasema eeh, huyo sisi tunaita hivi, na mguu wake uko hivi. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, redio ya jirani inaimba, na mimi katikati natafsiri hata yale hayakuhitaji kutafsiriwa. Halafu mama akasema kitu. Alichukua senesene kutoka kwa ungo, msafi, hana bawa hana mguu, akasema shida ya biashara yao ni kwamba bawa ndilo kitambulisho cha mdudu, na ndilo wao hutupa kwanza. Kiprono akauliza, sasa kama bawa limetupwa, mnunuzi atamjuaje senesene na nzige? Mama akamgeuza yule mdudu tumbo juu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya kichwa, pale miguu ya mbele ilipokuwa.

"Nzige ni mwanamume," akasema. "Ana kikoromeo. Senesene hana."

Kiprono akafungua kitabu. Picha ilikuwepo. Kati ya miguu ya mbele ya nzige kuna kamwiba kadogo, kanasimama kama kikoromeo cha mvulana aliyeanza kubadilika sauti, na hata ukimkaanga, hata ukimtoa miguu na mabawa yote, hako hakatoki. Kitabu kilikuwa na jina refu la hako kamwiba. Mama alitaka aambiwe, akalirudia, akasema lake ni fupi. Nilikuwa na raha siku hiyo mpaka nilipofika nyumbani ndipo nikakumbuka nimeacha pasi yangu kwa mteja.

Sasa, nzige wa mwaka huo. Shangazi yangu yuko Mwingi. Alikuwa ananipigia simu, nyuma ya sauti yake nasikia watoto wanapiga debe na sufuria kufukuza, ananiambia jua limefunikwa, mtama umebaki vijiti. Halafu ndege zikaja kunyunyiza dawa. Nzige wakaanguka marundo barabarani, na watu wakatangaziwa wasile, na kuku wasiachiliwe. Nilimwambia Mama Akinyi, akasema nyanya yake alikula nzige na walikuwa watamu, lakini hawa wa mwaka huu wamekunywa dawa, na yeye kwa ungo yake hawatapita. Lakini shangazi aliniambia pia kuna watu alfajiri wanakusanya wale walioanguka na kujaza magunia, na hajui magunia yanaenda wapi. Mimi nilijua. Kila kitu kisicho na mwenyewe kinakuja Nairobi.

Kando ya reli, Laini Saba, akatokea mtu na beseni. Panzi wamekaangwa wakakauka, chumvi, pilipili, hawana miguu hawana mabawa, bei ya kutupa. Alikuwa anaita, "Panzi! Panzi!" Na si ni ukweli? Mtaani neno ni hilo moja. Madam Rose, aliyekuwa na beibikea pale Kisumu Ndogo, chumba kimoja, godoro chini, watoto wa watu wanaoenda vibarua, alinunua kwake. Nasema alinunua kwake kwa sababu baadaye alikubali mwenyewe, wakati kukubali hakukuwa na maana. Aliwapa watoto na uji. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wanatoa mate kama maji, wanatapika, macho yamekuwa na katundu kadogo kama pini. Wote waliokolewa, Mungu ni mkubwa. Mtoto wa Wafula, Junior, ndiye alikaa hospitali kuliko wenzake. Daktari aliuliza kama hao watoto wamekaribia dawa ya kunyunyizia mimea. Mimea gani, Kibera? Watu wakajaa mlangoni kwa Madam Rose wakamwuliza amewapa nini, akasema panzi. Wakamwuliza za nani. Sijui kama alidanganya ama kichwa kilizima. Mtu akizungukwa hivyo hutaja jina lililo karibu na ulimi. Alikuwa mteja wa Mama Akinyi wa kumbikumbi, kila wiki. Akasema, "Za mama wa wadudu."

Nilipofika, kibanda kilikuwa kimezingirwa. Hadithi ilikuwa imeshakamilika: ati mama anapulizia wadudu wake dawa ya mende ndio wasioze. Mama Akinyi alikuwa amesimama ndani ya mlango wake, kwa mkono ameshika kopo lenye panzi waliobaki kwa Madam Rose, mtu alikuwa amemrushia. Nilikuwa nimempigia Kiprono njiani, na haki ya Mungu alikuja mbio, na viatu vya nyumba. Mzee wa mtaa akatuliza watu. Akasema huyu kijana amesomea wadudu, hebu aangalie atuambie, hawa ni wa huyu mama ama si wake. Nilisema moyoni, imeisha, tumeshinda. Kiprono akachukua mmoja kwa kopo, akamgeuza, akaweka lenzi kwa jicho. Nilikuwa karibu naye. Niliona akiona. Akachukua mwingine. Akachukua mwingine.

Akasema, "Tusubiri matokeo ya maabara."

Nilimvuta kando kwa shati. Nikamwuliza umeona, ama hujaona? Akaniambia ameona. Nikamwambia basi sema. Akaanza kunieleza, kwa sauti ya chini, jasho limemtoka, kwamba kuona si kupima, kwamba akisema ni nzige wataanza kutafuta Mkamba yeyote mwenye beseni, kwa vile nzige wameanguka kwetu, wamchome, kwamba kujua mdudu ni yupi hakuonyeshi sumu ni ipi, hiyo inatakiwa mashine, na hawezi kusema mbele ya watu kitu ambacho hajaandika. Na unajua kinachonikera mpaka leo? Kila alichosema kilikuwa sawa. Sina hata kimoja cha kumpinga. Lakini umati haukusikia "tusubiri" vile yeye alisema. Umati ulisikia, hata msomi wake ameshindwa kumtetea. Mama Akinyi naye akainua sauti, akasema, "Angalieni koo. Nzige ana kikoromeo, mimi siuzi nzige." Na mtu mmoja huko nyuma, sijawahi kumjua ni nani, akasema, "Kwani mdudu ana koo?"

Watu wakacheka. Ndio, watoto wako hospitali na watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kilimaliza kila kitu, kwa sababu mtu akishachekwa hawezi tena kuwa shahidi. Mimi nilikuwa napiga kelele, namwambia kila mtu achukue mmoja amgeuze, ni kazi ya kidole gumba tu, na mwanamke fulani akaniambia wewe Mkamba wa Kawangware unatafuta nini kwa vita vya wenyewe, nenda kwenu ukakule mabuyu. Nilimrukia. Walinitoa juu yake. Na wakati nashikwa ndipo nilimwona Wafula akija kutoka hospitali, macho mekundu, na nyundo. Simlaumu kwa macho. Mtoto ni wake. Lakini yeye ni mtu wa Busia. Senesene alilelewa nao, alikuwa ananunua hapo kila msimu, anasimulia vile mama yake alikuwa anawakaanga na kitunguu. Siku hiyo alisema "wadudu" kama mtu aliyezaliwa kwa lami. Akaanza na mlango, ule mlango wake mwenyewe. Aligonga kwa hasira, mbao ikaanza kulia, na Mama Akinyi, akiwa amesimama hatua moja kutoka kwake, akamwambia kwa sauti ile ile ya kila siku:

"Wafula, toa bawaba kwanza. Utapasua mbao."

Na akatoa bawaba kwanza. Mikono ilimtii mama kabla kichwa hakijakataa. Halafu wengine wakaingia, na ungo zikaruka, na omena wakakanyagwa kwa tope, na lile kochi likatolewa nje.

Alikuja kukaa na mimi Kawangware, kwa chumba changu, kitanda kimoja tukilala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu. Alikuwa anataka kurudi Siaya, halafu ule ugonjwa ukaingia nchini, mji ukafungwa, mabasi yakasimama, na chuo cha Kiprono pia kikafunga, na wale panzi wa kopo aliowapeleka kupimwa bado wako ndani ya friji. Watu wa mageti wakaniambia nisije kufua mpaka waniite. Tukawa tunakula sukuma na ugali, sukuma na ugali, yeye anachambua majani moja moja kama anatafuta kitu. Alijaribu kuuza omena kwa kona yetu. Siku moja akarudi na beseni limejaa vile lilivyotoka, mtu wa Kisumu Ndogo alikuwa amepita akamtambua. Baada ya hapo alikuwa anapenda barakoa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Hata mvua ikinyesha na hakuna mtu njiani, ameivaa mpaka chini ya macho. Aliniambia ndiyo rafiki yake wa pekee Nairobi, haiulizi jina. Mimi nikakasirika nikamwuliza na mimi ni nani. Akasema mimi ni mwenye nyumba, na akacheka, na hicho ni kimoja kati ya vicheko vichache nilivyosikia mwaka huo.

Matokeo yalikuja mvua ikiwa imekwisha. Kiprono alinitumia kwa simu. Nzige wa jangwani, wote, na dawa ya kunyunyizia ndani yao. Jina la mama halikuwepo, wala kikoromeo, kwa sababu ripoti haiandiki hivyo, na Kiprono aliniambia samahani mara nyingi hadi nikamwambia anyamaze. Nilitembea kwa miguu kutoka Kawangware mpaka Kisumu Ndogo nikiwa na hiyo simu. Mzee wa mtaa alisoma, akanirudishia, akaniambia hayo mambo yalishapoa, nisiyapashe. Madam Rose alilia, akakubali ni yule wa beseni, halafu akaniomba nisiseme kwa sauti, ndio anajaribu kufungua tena. Wafula alikuwa anapiga randa. Hata hakusimamisha mkono. Alisema ripoti za siku hizi hununuliwa. Pale kibanda kilipokuwa kulikuwa na mtu wa kuchaji simu, na mlango wake niliutambua.

Nilimsomea mama hiyo ripoti yote jioni hiyo, na majina yake marefu. Alisikiliza. Akasema, "Si niliwaambia." Akaendelea kuchambua mboga. Hakuuza mdudu tena maisha yake yote.

Nimesema niliwakuta wote kwa kihall, na Mwenyekiti akaniambia niketi. Sasa nimalize. Kikao kilipoisha watu walienda kwa meza ya chai. Mimi nilikuwa nimeagiza senesene kutoka Busia, nikawakaanga asubuhi vile alinifundisha, moto mdogo, chumvi mwisho, nikaweka sahani katikati ya mandazi. Nilisema ni chakula cha marehemu. Mandazi yakaisha. Ile sahani watu waliikwepa kama ina waya wa stima. Nikakaa kwa kiti changu nikaitazama. Halafu Wafula, akidhani nimegeuka, akasogea. Akachukua mmoja. Akamgeuza tumbo juu. Akapitisha ukucha wa kidole gumba chini ya kichwa, pale pale, bila kutafuta, mkono wa mtu aliyefunzwa na mama yake akiwa mdogo. Hakukuwa na kikoromeo. Akamrudisha kwa sahani, akajipangusa vidole kwa suruali, akatoka.

Kumbe alikuwa anajua pa kuangalia. Siku zote alikuwa anajua. Na wewe unayenisoma, sasa pia unajua. Siku ile ungemgeuza mmoja ukaangalia, ama ungebeba nyundo?